Mkasi Wenye Pengo

Familia yetu ina ugonjwa mmoja: ikiona moshi, inatafuta mzee wa kumlaumu. Siku chaja ya betri ilipoungua nyumbani kwa baba yangu, mtaani Kamalondo, hakuna aliyeuliza umeme ulikuwa umerudi kwa nguvu gani baada ya kutoweka siku tatu. Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, alikuwa amekaa nje ya mlango akimenya karanga. Alisikia mlio kama wa mahindi yanayopasuka sufuriani, akageuka, akaona moshi mweusi ukipanda kutoka kwenye meza ya kazi, na baba amesimama kando ya meza akiwa ameshika kibanio chekundu cha betri. Mkono wenyewe ulikuwa unatetemeka. Kwa shangazi, kesi ilikwisha palepale.

Mkono wa baba hutetemeka kila siku, moshi uwepo usiwepo. Ulianza mwaka tuliomzika mama, ukaendelea taratibu mpaka akawa anakunywa chai nusu kikombe nusu kikombe ili isimwagike. Alikuwa fundi umeme katika karakana ya reli, mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyeteremka kutoka kaskazini mwa Katanga, na alipostaafu aliihamishia karakana nyumbani: meza ya mbao ngumu, droo mbili za koleo na bisibisi, na rundo la televisheni na redio zilizokufa ambazo hamruhusu mtu kuzitupa. Meza hiyo iko sebuleni, upande wa mlango. Upande wa dirisha ipo cherehani yangu. Mimi hushona nguo za kike, na nilirudi kwa baba ndoa yangu iliponishinda. Shangazi hajawahi kunisamehe kurudi huko, ingawa si yeye aliyeolewa na yule bwana.

Chaja ndiyo kazi iliyokuwa imebaki kwa baba. Mtaani kwetu umeme huja unapotaka, kwa hiyo karibu kila parseli, yaani kila kiwanja cha nyumba, ina betri ya gari kwa ajili ya taa, redio na simu. Umeme ukirudi, majirani walikuwa wanaleta betri zao kwenye toroli, baba anazipanga chini ya meza, anaandika alama ya kila nyumba kwa chaki, anazichaji kwa zamu. Wazee wenzake walileta hata betri ambazo hazijaisha, wapate tu sababu ya kukaa. Walikaa, wakabishana juu ya mpira na siasa, na baba akawa mtu mwenye shughuli. Chaja yenyewe aliletewa na kaka yangu mkubwa, anayefanya kazi mgodini Kipushi. Aliinunua upande wa Zambia, akaipakata mapajani njia nzima kama mtoto mchanga, zawadi kwa baba yake.

Shangazi alimpigia kaka simu siku ileile. Nilimsikia nikiwa kwenye cherehani: mzee amegeuza vibanio, chekundu amekiweka mahali pa cheusi, macho hayaoni, mikono imekufa, bado kidogo atuchome sote. Alipomaliza, kaka akaomba kuzungumza na mimi. Alisema Jumapili baada ya misa angekuja, familia ikae. Baba angehamia kwake Kipushi, kuna chumba nyuma ya nyumba. Vifaa wapewe wenye kuvihitaji, meza iondolewe, chaja itupwe. Nilimwambia baba si mfuko wa unga wa kuhamishwa huku na huku. Kaka hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Siku ingine haitakuwa chargeur tu," alisema. "Itakuwa nyumba."

Baba alikuwa amesikia yote, maana sebule ni moja. Alinawa masizi, akakaa kwenye kiti chake, akatazama nje. Kesho yake asubuhi, Alhamisi, walikuja watu watatu na betri. Shangazi, ambaye alikuwa amelala kwetu ili amlinde mzee na moto, aliwawahi mlangoni kabla sijainuka, akawaambia mzee amemaliza kazi, mikono yake imekufa, watafute kwingine. Aliyasema kwa sauti ya kutangaza msiba. Mmoja wao alivua kofia. Nilikasirika hadi nikashona mkono wa blauzi ya mteja nje ndani, na baba hakugeuza hata kichwa.

Nikaiacha ile blauzi. Nikaenda kuitoa chaja kwenye ndoo ya taka, alikoitupa shangazi, nikaifuta kwa kitambaa, nikaiweka juu ya meza yake, nikamwambia tuifungue. Alininyooshea mikono yake yote miwili nijionee mwenyewe. Nikamwambia mikono ninayo mimi. Mtu anayetunga uzi kwenye sindano kutwa nzima hawezi kushindwa na skrubu sita. Akasogeza kiti.

"Mukono njo inatetemeka," akasema. "Kichwa haitetemeke. Leta macho."

Ndivyo tulivyoanza, yeye kichwa, mimi mikono. Shangazi alipita nyuma yetu mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akinung'unika kwamba kipofu anaongozwa na kipofu. Nilimwomba akae mbele, aone vizuri. Hakukaa.

Somo la kwanza lilikuwa kutogusa. Baba alisema chaja hata ikiwa imekufa inaweza kuuma, kwa sababu ndani yake kuna kopo dogo linaloweka umeme wa akiba. Alinifanya niguse miguu ya kopo hilo kwa waya mbili za balbu, niumalize umeme uliobaki. Balbu haikuwaka hata kidogo, lakini akaniambia nirudie. Nilirudia. Halafu akaniambia nitazame na kumsimulia, maana macho yake hayafiki tena kwenye vitu vidogo.

Nikamsimulia. Kuna kibao cha kijani. Upande mmoja unaingia waya wa ukutani, upande wa pili zinatoka waya mbili nene, nyekundu na nyeusi, za kwenda kwenye betri. Hapa kuna kidude cha bluu, bapa, kama kifungo cha shati, kimepasuka katikati. Chini yake njia ya shaba imeungua na kibao kimekuwa cheusi.

Akauliza weusi huo uko upande gani.

Nikatazama tena. Wote ulikuwa upande wa waya wa ukutani. Upande wa betri ulikuwa safi, unang'aa. Akaniambia nihakikishe, nipitishe ncha ya sindano kila mahali. Nikapitisha polepole, kama ninavyotafuta uzi uliokatika kwenye pindo. Hakukuwa na doa.

"Moto iliingilia ku mulango ya kuran," akasema, na kuran kwetu ni umeme. "Kama ningegeuza batri, ingeungua huku ingine."

Nilisimama, nikitaka kutoka nje nikautangazie mtaa mzima. Akaniambia nikae, kazi haijaisha. Alitaka kujua fyuzi iko wapi. Kile kidude cha bluu, alisema, kazi yake ni kufa kwa ajili ya wengine: umeme ukija na nguvu kupita kiasi kinaupokea, na fyuzi inakatika, na mambo yanaishia hapo. Mtu anabadilisha vitu viwili, anaendelea na maisha yake. Bila fyuzi, moto hauna wa kuuzuia. Tuliitafuta juu ya kibao, chini yake, pembeni. Haikuwepo. Baba alisema waliotengeneza kitu hiki hawakuwa wajinga, lazima waliiweka mahali. Akaufuata waya wa ukutani kwa vidole, taratibu, mpaka mwisho wake, kwenye plagi ya duara kama zote za nyumbani kwetu. Akaifumbata.

"Chargeur ilikuya na fishi hii?"

"Sijui, papa."

Nilijua. Chaja ilikuja na plagi ya Zambia, ile kubwa yenye meno matatu ya pembe nne, na kuta zetu zina matundu ya duara. Hapa kwetu kila anayeleta kitu kutoka upande ule anafanya vilevile: anakata plagi ya meno matatu, anafunga ya duara, basi. Hakuna anayejiuliza lile jipu kubwa la plastiki lilikuwa limebeba nini ndani. Ila baba ana sheria moja nyumbani, kwamba hakuna anayegusa waya kabla ya kumwuliza. Siku chaja ilipoletwa, kaka aliiacha mezani akaondoka, baba alikuwa amelala baada ya chakula, umeme upo, betri yetu tupu, na usiku nilihitaji taa nimalize nguo ya mteja. Koleo lilikuwa kwenye droo yake, ambayo ikivutwa inalia kama mbuzi. Nikachukua mkasi wangu wa nguo.

Fundi yeyote wa nguo atakwambia mkasi wa kitambaa haukati hata karatasi. Mimi niliukatia waya. Makali yakapata pengo dogo karibu na ncha, na tangu siku hiyo kila nikikata satini, pengo lile linavuta uzi. Plagi mpya niliifunga vizuri, kwa namna baba alivyonifundisha nikiwa msichana. Alipoamka akakuta chaja inafanya kazi, akadhani kaka ndiye aliyeibadilisha plagi huko Kipushi kabla ya kuileta. Nikamwacha adhani. Ile ya meno matatu niliitumbukiza kwenye kopo la vifungo, kwa sababu nyumbani kwetu hakuna kinachotupwa.

Ningeweza kusema palepale. Mimi ndiye niliyekuwa nimeiokoa chaja kwenye ndoo ya taka kwa kishindo, mimi ndiye niliyemjibu kaka kwa simu. Lakini mdomo ulikuwa mkubwa kwa makosa ya wengine tu. Nilijua shangazi angesema nini: mwenye kurudi ndiye aliyeleta moto, basi aende yeye. Niliwaza cherehani yangu nitaiweka wapi. Niliogopa, na sioni faida ya kulipamba hilo.

Baba aliomba bisibisi ndogo. Kibao chote alikuwa ameniachia mimi, lakini ile plagi ya duara hakuniruhusu kuifungua. Aliegemeza viwiko mezani, akaushika mkono mmoja kwa mwingine, akailegeza skrubu yake peke yake, polepole mno. Akaipeleka karibu kabisa na jicho. Akaangalia. Akaifunga tena, akaniambia nikawashe mbabula, jiko letu la mkaa.

Mkaa ulikuwa wa kupashia chuma cha kulehemu. Cha umeme anacho, lakini baba hajawahi kuutegemea umeme katika kutengeneza vitu vya umeme. Anacho kingine cha zamani alichokichonga mwenyewe karakanani, kipande cha shaba yetu ya Katanga kilichosukumwa kwenye mpini wa mti, ncha yake nyembamba kama kucha. Kinawekwa kwenye moto wa mbabula, kinatoka, una muda wa pumzi kumi, kisha kinarudi. Siku hiyo yote nilijifunza kutoa: kukitoa kidude kilichopasuka, kuitoa shaba iliyoungua, kukikwangua kibao mpaka kibaki safi. Niliungua kidole mara mbili. Baba alihesabu pumzi kwa sauti, na mtu wa nje angedhani tunasali.

Jioni, nikikusanya kazi zangu, nilifungua kopo la vifungo. Plagi ilikuwa chini kabisa, imezungukwa na vifungo vya mashati ya shule. Niliifungua. Ndani yake, imebanwa kati ya vipande viwili vya shaba, ilikuwepo fyuzi nyeupe ndogo, haizidi mbegu ya boga. Niliipima kwa balbu ya tochi na mawe matatu ya redio, kama baba alivyonionyesha mchana. Balbu ikawaka. Fyuzi ilikuwa nzima. Ilikuwa imelala kwenye vifungo vyangu muda wote huo, haina kazi, na baba amesimama kwenye moshi. Nikairudisha yote kwenye kopo, nikafunika.

Ijumaa tulichimba kwenye rundo la televisheni zilizokufa. Baba alijua ipi ina nini ndani, kama mtu anayejua kaburi la kila ndugu yake. Kwenye moja tulipata kidude cha bluu kinachofanana na kile. Kwenye nyingine fyuzi ya kioo pamoja na kikalio chake. Vidude vinne vyeusi vya kwenye kibao chetu, vinavyouruhusu umeme kupita upande mmoja tu, baba aliniambia nivipime kimoja kimoja kwa ile balbu ya tochi, mbele na nyuma. Viwili viliwaka pande zote mbili, kwa hiyo vilikuwa vimekufa. Tukavibadilisha vyote, maana baba alisema hafanyi kazi na mashahidi wa moto. Mahali njia ya shaba ilipoungua nililaza waya mpya, nikaushika kwa lehemu hatua kwa hatua, kama mtu anayepiga bandi kabla ya kushona. Shangazi alikuja kusimama nyuma yangu. Safari hii hakunung'unika, aliangalia tu.

Umeme, uliokuwa umekatika tena usiku wa Alhamisi, ulirudi Jumamosi asubuhi. Baba hakunikubalia nichomeke chaja moja kwa moja. Aliniamuru nipitishe umeme kwenye balbu kubwa kwanza, balbu ikae njiani kama askari wa kizuizi: ikiwaka sana, bado kuna ubaya ndani, ikimulika kidogo kisha ikafifia, tupite. Ilimulika, ikafifia. Tukaiondoa balbu, tukachomeka, baba akashika vibanio mwenyewe, chekundu kwa mkono wa kulia, cheusi kwa wa kushoto. Mikono ilitetemeka njia nzima, ikafika kila mmoja mahali pake. Mshale mdogo kwenye uso wa chaja ukapanda. Baba akasema, haya. Kisha akanywa chai kikombe kizima, na nusu ikamwagika kwenye shati, na hakujali. Saa nane mchana umeme ukaondoka tena. Betri yetu ilikuwa imeshajaa vya kutosha.

Kaka alifika Jumapili na gari, amevaa suti ya misa. Alikuwa amekuja na magunia matupu kwa ajili ya vifaa, aliyaacha mlangoni. Shangazi alikaa katikati, kwa kuwa ndiye mkubwa wa kikao baada ya mtuhumiwa. Redio ya baba ilikuwa inaimba polepole kwa betri. Shangazi akaeleza moshi, kibanio, mkono. Kaka naye akaeleza kwamba kwenye mtaa wake nyumba iliungua kwa sababu ya betri, kwamba yeye alisaidia kubeba maji, na tangu siku hiyo simu ikilia akiona ni ya Kamalondo, roho inamruka. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na nikashindwa.

Ndipo akasikia redio. Akauliza betri imechajiwa na nani. Nikasema na sisi, nikamletea chaja mikononi. Aliifungua, akaitazama ile kazi ya lehemu upande huu na upande huu. Nikamwonyesha pale palipoungua, nikamweleza umeme uliingilia wapi na kwa nini vibanio havina kosa. Mtu wa mgodi si mjinga. Alikubali mara moja. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nimelikimbia tangu Alhamisi.

"Kuran ilirudia mu mutaa nzima. Ju ya nini ya benzetu haikuungua?"

Shangazi akasema ndiyo hilo. Nikataka kumjibu, nikajikuta natazama kopo la vifungo. Baba akajikohoza. Akasema kwa utaratibu, huku akitazama sakafu, kwamba mtu mzee anasahau vitu, huenda kuna kitu alichokisahau yeye, kwamba chumba cha Kipushi si kibaya, na kwamba meza ibaki kwa mwenye cherehani aweke vitambaa vyake.

Hapo nilisimama. Nilileta kopo la vifungo, nikalimimina lote juu ya meza ya kikao, vifungo vikakimbia mpaka chini ya viti. Nikaiweka plagi ya meno matatu mbele ya kaka, na fyuzi nyeupe juu yake, na mkasi wangu kando, umefunguliwa, pengo linaonekana. Nikasema mimi ndiye niliyekata. Nikasema baba alikuwa amelala, sikumwuliza, na aliponiuliza Alhamisi nikamdanganya. Nikasema kila nyumba iliyoleta kitu kutoka Zambia imekata vilevile na hakuna aliyeitwa kwenye kikao, lakini kosa la nyumba hii ni langu, na mikono iliyokufa hapa hakuna.

Shangazi akanigeukia.

"Na weye mwenye kurudia kwa baba yako, njo uko unasimama mbele yetu na kifua hivi?"

Nikamwambia ndiyo, ninasimama. Nilirudi kwa baba yangu na kifua hiki hiki, na kwa kifua hiki hiki nimetengeneza nilichokiharibu. Nikamwambia anifukuze akitaka, lakini magunia yale yarudi Kipushi matupu. Nilikuwa ninatetemeka kuliko baba. Nilihisi machozi yanakuja na nikayaacha yaje, sikukaa chini.

Kwetu anayemkosea mzee huomba msamaha kwa kuku. Kaka akatukumbusha hilo, akasema ninadaiwa kuku mmoja kwa baba. Nikasema nitamleta kabla jua halijazama. Ila na shangazi alete wake, kwa sababu alisimama mlangoni akawatangazia watu wazima watatu kwamba kaka yake amekwisha, na mmoja akavua kofia. Shangazi alimtazama kaka kutafuta msaada. Kaka aliokota kifungo kimoja sakafuni, akakizungusha vidoleni, akasema kwa haki ni kuku wawili. Shangazi akasema wa kwake ni jogoo, hatoi kitu kidogo. Hivyo ndivyo shangazi yangu anavyoomba msamaha, na anayemfahamu atakubali kwamba ni mwingi.

Baba alikuwa ameichukua ile plagi ya meno matatu, anaigeuza mkononi. Halafu akaivuta ya duara, iliyoko kwenye chaja, akaiweka karibu nayo.

"Fundo ilikuwa muzuri," akaniambia.

Sikuelewa. Akaeleza kwa kaka, si kwangu. Ndani ya plagi, kabla ya kubana waya kwenye skrubu, yeye hupiga fundo, ili mtu akivuta waya usichomoke. Ni fundo la karakana, lina njia yake. Amewafundisha watu wawili tu katika nyumba hii, na mmoja wao ni mama yetu, ambaye tumemzika. Alhamisi alipoifungua plagi ya duara, alilikuta.

Kwa hiyo alijua. Aliniamuru niwashe mbabula huku akijua. Alihesabu pumzi zangu siku nzima huku akijua, akapima balbu, akanywa chai, akakaa mbele ya kikao, akaanza kujivisha kosa langu kama koti. Nilimkasirikia, nikaufunga mkasi kwa kishindo. Kaka ndiye aliyemwuliza.

"Na kama angenyamaza?"

Baba aliirudisha plagi mezani. Ilimchukua muda kuilaza vizuri, mkono wake ukigonga gonga mbao.

"Ningepanda mu motokari yako," akasema.

Kaka akatoka nje, akayakunja magunia yake, akayatia kwenye gari. Aliporudi alipiga magoti kwa suti yake ya misa na kunisaidia kuokota vifungo. Meza iko palepale mpaka leo, betri ziko chini yake na alama zake za chaki. Plagi za Zambia zinazoletwa sasa hukatwa na mimi, kwa koleo, mbele ya baba, na fyuzi haitupwi. Mkasi sijaunoa. Wateja wa satini huwa wananiuliza kwa nini fundi kama mimi ana mkasi wenye pengo, na huwa ninawaambia wasubiri, nina mwingine.